Elementi mbili, boya jipya, na maji bado baridi: kisa cha nyumba moja mjini Mtwara

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni fundi wa mabomba na wa hita za sola, kazi zangu nyingi ziko Mtwara mjini na Lindi. Kisa ninachokieleza hapa kilitokea kweli. Mtaa, majina na alama zote za kuitambulisha familia nimeziacha, na wenyewe wameridhia nikisimulie. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa vijana wanaoanza, na kwa mwenye nyumba ambaye amekwisha kununua vifaa mara mbili au tatu huku tatizo likibaki palepale.

Nyumba na mfumo wake

Ni nyumba ya chini, ya vyumba vinne, anayoishi bibi mmoja mstaafu na wajukuu wake wawili pamoja na dada wa kazi. Mtu wa bara akisikia hita ya maji Mtwara huuliza ya nini, na joto lote lile la pwani. Ajaribu kuoga alfajiri ya mwezi wa saba, kusi likivuma, akiwa na miguu inayouma kama ya bibi huyu. Isitoshe, mwaka huo binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Mzazi kwetu hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, siku arobaini, na hilo halina mjadala. Nyumba ile ilihitaji maji ya moto kila siku, na mengi.

Hita yenyewe ilinunuliwa miaka michache nyuma baada ya mauzo ya korosho ya familia. Ni sola ya kawaida: paneli bapa juu ya bati na tangi la lita 200 limelala juu yake. Haina pampu. Maji yakipata moto kwenye paneli huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi, na ya baridi hushuka chini kuchukua nafasi yake. Ndani ya tangi kuna elementi ya umeme ya kilowati 2 kwa ajili ya siku za mawingu. Tangi hulishwa na simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara pembeni ya nyumba, na simtanki hujazwa na bomba la mtaani kupitia boya, kile kifaa kinachoelea na kufunga maji tangi likijaa. Maji ya mtaani kwao ni ya mgao. Huja kama saa nne usiku na kukatika kunapopambazuka, na yakija huja na nguvu.

Shikeni hilo la mgao wa usiku.

Malalamiko

Kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa sita maji ya asubuhi yalikuwa baridi. Jioni yalikuwa ya moto vizuri, bibi mwenyewe alikiri. Asubuhi, hakuna kitu. Wakaanza kuwasha umeme saa kumi alfajiri hadi saa moja na nusu asubuhi ili mzazi akandwe, na bado maji yalipata uvuguvugu tu. Wakati huohuo umeme wa LUKU wa shilingi 20,000, uliokuwa ukiwafikisha wiki mbili, ukawa unaisha siku ya tano.

Fundi wa kwanza alisema elementi imechoka, akaweka mpya. Baada ya wiki mbili akaweka nyingine pamoja na thamostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa. Fundi mwingine kabisa aliitwa kwa jambo ambalo kila mtu aliliona ni la pembeni: simtanki lilikuwa likimwagika usiku na bili ya maji imepanda. Yeye alibadilisha boya. Simtanki likaendelea kumwagika. Bibi akaagiza koki ya kuingizia maji kwenye simtanki ifungwe kila usiku, na asubuhi bado chini ya mnara palikuwa pamelowa. Wakaamua kwamba koki nayo ni mbovu, wakavuta bomba la kumwagia hadi kwenye migomba, na suala hilo likaachwa.

Mimi niliitwa mwishoni mwa mwezi wa saba.

Ziara ya kwanza, na uamuzi niliouharakisha

Nilifika saa saba mchana. Nilianza na paneli. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli inapaswa kutazama kaskazini, na ile ilitazama kaskazini. Kioo kizima, hakina kivuli cha mti. Bomba la juu la paneli lilikuwa la moto kiasi cha kushindwa kulishika. Sola ilikuwa inafanya kazi.

Kisha nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikahakikisha kwa testa kwamba hakuna moto kwenye nyaya, nikafungua elementi. Ilikuwa na wiki chache tu lakini imeshaanza kuota ganda jeupe la chokaa. Hilo si ajabu. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vinavyochimbwa humo hubeba chokaa nyingi. Wakati mgao ulipokuwa mbaya familia ilikuwa inanunua maji ya kisima kwa boza. Fimbo ya magnesiamu, ile inayowekwa ndani ya tangi iliwe na kutu badala ya tangi lenyewe, ilikuwa imebaki waya mtupu.

Nilisafisha elementi kwa siki, nikaweka fimbo mpya, nikasukuma tope lililotuama chini ya tangi, nikamwambia bibi kazi imekwisha. Kila kitu nilichofanya kilihitaji kufanywa. Lakini hakuna hata kimoja kilichoeleza kwa nini maji ya moto ya jioni yawe baridi asubuhi. Niliona ubovu, nikaurekebisha, nikadhani ndio ubovu niliotafutiwa. Siku ya nne bibi alipiga simu. Hakunifokea. Aliniambia, "Fundi, mwanangu, mzazi wangu leo amekandwa kwa maji ya jikoni." Walikuwa wamerudi kwenye sufuria na mkaa.

Usiku wa kupima

Safari hii sikubeba kifaa cha kubadilisha. Nilibeba kipimajoto, ndoo ya lita 20 na tochi, nikaomba ruhusa ya kukaa hadi usiku.

Saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwa umezimwa, nilichomeka kipimajoto kwenye mfuko wa thamostati ndani ya tangi: nyuzi 61. Saa nne kasorobo usiku, familia ikiwa imekwisha kuoga: nyuzi 56. Mpaka hapo tangi lilikuwa salama.

Nilikuwa na dhana mbili kichwani. Ya kwanza, kwamba maji yanazunguka kinyume usiku: ya moto yanatoka kwenye tangi, yanaingia kwenye paneli iliyopoa na kupotezea joto angani. Hutokea, hasa tangi likifungwa chini kuliko inavyotakiwa. Dalili yake ni kwamba bomba la juu la paneli hubaki na joto usiku kucha. Nilipanda nikalishika: baridi. Dhana hiyo nikaiacha. Ya pili ilikuwa sponji ya tangi, kwamba imelowa na haizuii tena joto kutoka. Lakini tangi la namna ile, hata sponji ikiwa imechoka, hupoa polepole. Halianguki ghafla.

Saa nne na robo maji ya mtaani yalikuja. Yalisikika kwenye mita. Saa tano nilisoma tena: nyuzi 33. Nyuzi 23 zimepotea ndani ya saa moja na robo, hakuna aliyefungua bomba hata moja, na umeme umezimwa.

Nikashuka na tochi. Chini ya mnara bomba la kumwagia lilikuwa likitiririka kwenye migomba, na koki ya kuingizia maji kwenye simtanki nimeifunga mwenyewe kwa mkono wangu mapema jioni. Nikakinga kiganja. Maji yalikuwa vuguvugu.

Nilikaa pale na mkono wangu chini ya bomba kwa muda, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Nikaenda kwenye mita, nikafungua koki ndogo ya kupimia: maji ya mtaani yalikuwa baridi. Nikarudi kwenye migomba: vuguvugu. Maji ya moto ya bibi yalikuwa yanasukumwa kutoka kwenye tangi, yanarudi nyuma kwenye bomba la kulilisha, yanaingia simtanki kwa chini, yanapanda juu kwa kuwa ni mepesi, na kumwagika. Nikaweka ndoo. Ilijaa kwa dakika sita. Hiyo ni kama lita 200 kwa saa, yaani tangi zima.

Alfajiri kipimajoto kilisoma 27, sawasawa na maji ya bomba.

Bafuni

Kitu kilichobaki kilikuwa kutafuta mlango: ni wapi maji ya mtaani, yenye nguvu, yanakutana na bomba la maji ya moto lenye nguvu ndogo ya simtanki. Asubuhi nilimuuliza bibi swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza. Sikumuuliza hita imefanya nini. Nilimuuliza, "Bibi, humu ndani kilibadilika nini mwezi wa tano au wa sita?"

Akajibu bila kufikiri. Bafu la binti lilitengenezwa kabla hajajifungua. Walimwekea miksa mpya, bomba linalochanganya maji baridi na ya moto, na shawa ya mkono ili aoge bila kuinama.

Kulikuwa na mambo mawili pale, na kila moja peke yake lingekuwa na madhara madogo. Kwanza, fundi aliyeweka miksa alitaka shawa iwe na nguvu. Bomba la mtaani linapita nyuma ya ukuta huohuo, basi upande wa maji baridi akauunga humo, badala ya kuuunga kwenye bomba la simtanki kama mabafu mengine. Upande wa moto ulibaki kwenye tangi la juu. Pili, shawa ile ina kitufe kwenye mpini: ukikiachia, maji yanakatika. Kwa hiyo mzazi na wanaomsaidia walikuwa wanazima kwa kitufe tu na kuziacha koki zote mbili za miksa wazi, ili joto walilolipata lisiharibike. Ni jambo la busara kwa anayeoga. Ila kwa ndani, koki mbili zikiwa wazi na njia ya kutokea imefungwa, miksa inageuka kuwa bomba la kuunganisha baridi na moto. Upande wenye nguvu zaidi unausukuma ule mwingine.

Nilizifunga koki zote mbili. Usiku ule maji ya mtaani yalipokuja, bomba la migomba lilibaki kavu. Asubuhi tangi lilisoma nyuzi 52.

Dada wa kazi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza nikimweleza bibi. Akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana bomba la nje mchana linatoa maji ya moto." Yeye ndiye aliyekuwa akifua nepi pale. Mchana bomba la mtaani halina nguvu, kwa hiyo akifungua bomba la nje, maji ya tangi yalipita kwenye miksa ileile kwa njia ya kurudi na kumfikia. Alikuwa amelisema hilo mara mbili ndani ya nyumba, akaambiwa ni jua limepasha bomba.

Matengenezo

Nilibomoa vigae vitatu, nikang'oa muungano wa bomba la mtaani na kuuhamishia kwenye bomba la simtanki. Sasa baridi na moto vya miksa ile vinatoka chanzo kimoja na vina nguvu moja. Nguvu ya shawa ilipungua kidogo, na hilo nilimwambia bibi kabla sijagonga kigae cha kwanza, si baada ya kumaliza. Alikubali.

Nikaongeza valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi kwenye kila upande wa miksa. Shawa ya kitufe niliiacha kwa sababu mzazi aliihitaji, nikawaonyesha wote, dada akiwa wa kwanza, namna ya kufunga koki za ukutani wakimaliza. Vifaa vyote vile viligharimu chini ya bei ya elementi moja kati ya zile mbili walizonunua.

Boya la zamani lilikuwa bado nyuma ya banda. Nililijaribu kwenye ndoo. Lilikuwa zima.

Matokeo

Wiki mbili baadaye tangi lilikuwa likiamka na nyuzi kati ya 50 na 54. Elementi haikuwashwa isipokuwa siku mbili za mawingu. LUKU ya shilingi 20,000 ilirudi kwenye wiki mbili zake. Mzazi alimaliza arobaini yake kwa maji ya bombani.

Uchambuzi

*Kwa nini elementi ilionekana mbovu.* Hapa ndipo fundi wa kwanza alipopotea, na namwelewa. Aliwasha hita alfajiri, akaona haifikishi joto, akahukumu elementi. Lakini piga hesabu. Elementi ya kilowati 2 ikipasha maji yanayopita kwa lita 200 kwa saa inaweza kuyaongezea kama nyuzi 8 au 9 tu. Maji yaliyoingia na nyuzi 27 yatafika 35 au 36. Ni uvuguvugu uleule waliokuwa wakiulalamikia. Kilowati 2 kwa saa tatu na nusu ni uniti 7 kila siku, na uniti 7 hizo zingetosha kulipandisha tangi lililotulia la lita 200 kwa nyuzi 30. Hita ilikuwa nzima. Ilikuwa inapasha migomba. Kupima elementi kwa mita ya umeme ni kazi ya dakika tano na kungeokoa pesa ya elementi mbili.

*Dalili mbili zilizogawanywa.* Maji baridi lilikuwa tatizo la fundi wa hita. Simtanki kumwagika lilikuwa tatizo la fundi wa bomba. Hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake. Hata mimi ziara ya kwanza nilipita chini ya mnara, nikaona pamelowa, nikajisemea boya, nikaendelea na safari yangu ya juu ya bati. Simtanki lina njia mbili ambazo maji yanaweza kuingilia: ile ya boya, na ile tunayoiita ya kutokea. Likimwagika huku boya limefungwa, yameingia kwa ile ya pili, na kuna kitu chenye nguvu kinachoyasukuma.

*Koki iliyohukumiwa bila kujaribiwa.* Bibi alipoagiza koki ya simtanki ifungwe na maji yakaendelea kumwagika, lile lilikuwa jaribio zuri kuliko yote yaliyofanywa kabla yangu. Jibu lake lilikuwa wazi: maji hayapiti hapa. Wakalisoma kuwa koki ni mbovu. Ningeelezwa habari ile siku ya kwanza, au ningeuliza, nisingefungua tangi.

*Kilichofaa.* Kukaa usiku. Tatizo linalotokea saa nne usiku huwezi kulipata saa saba mchana, na wengi wetu tunatibu nyumba za mgao kana kwamba maji yako bombani saa zote. Pia kuandika nyuzi kwenye karatasi: kushuka kwa 23 ndani ya saa moja na robo kuliziua dhana zote za sponji na chokaa kwa pigo moja. Joto linalovuja hushuka kama mshumaa unaoisha. Likianguka namna ile, ujue maji yenyewe yamehama.

*Kilichobaki kunisumbua.* Muungano wa aina ile si hasara ya LUKU tu. Nguvu ya bomba la mtaani ikishuka, maji ya ndani ya nyumba yanaweza kunyonywa kuelekea barabarani, pamoja na tope la simtanki na chochote kilichomo. Nyumba hii ilikuwa na kizuizi kwenye mita. Nimeona nyingi zisizo nacho. Nikikuta miksa imeungwa vyanzo viwili sasa, naukata muungano huo hata kama mwenye nyumba ameniita kwa bomba linalodondosha, na namweleza kwa nini.

Neno kuhusu maji ya mzazi na mtoto

Baada ya matengenezo maji yale yalikuwa ya moto kweli, na nyumba ilikuwa imezoea uvuguvugu kwa miezi miwili. Nilirudi siku ya pili kwa ajili ya hilo tu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Tuliwekeana utaratibu: beseni la mtoto linaanza na maji ya baridi, ya moto yanafuata, na anayemwogesha mtoto anapima kwa kiwiko. Ya mtoto hayazidi nyuzi 37 au 38. Ya kumkanda mzazi taulo linachovywa kwenye beseni lililochanganywa, halikingwi moja kwa moja kwenye bomba. Bibi aliniambia hayo yote anayajua tangu kabla sijazaliwa. Kisha akamwita dada aje asikie.